Shingo ya Nsungwa

Siku hiyo treni ya Tabora ilichelewa kuliko ilivyozoea kuchelewa, na stesheni ya Mpanda ikajaa watu mpaka mbuzi wakakosa pa kusimama. Katika umati ule alikuwamo Pelagia, binti wa Mzee Leodgar wa Kasansa, aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza ya shangazi yake Scola karibu na soko. Alikuja kupokea bunda la vitambaa. Alivaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe, mikono ya puto, mkanda mpana kiunoni, na alijua kwamba amependeza.

Alikuwamo pia Nyanda, kijana mrefu wa Ilembo mwenye kazi ya kuchora mabango ya maduka. Suruali yake ilikuwa na madoa ya rangi zote alizowahi kuzinunua. Alikuwa amebeba bango la bucha ambalo halijakauka, akilipeleka ng'ambo ya reli kwa mwenyewe.

Treni ilipopiga honi watu walisukumana. Pelagia akarudi nyuma kidogo, akaegemea kitu cha baridi, akasimama tena wima asijali. Njiani kurudi nyumbani aliona watu wanamtazama kuliko alivyotarajia, akazidisha maringo. Ni shangazi Scola aliyemgeuza pale barazani na kumwambia kwamba mgongoni ameandikwa NYAMA SAFI, herufi zimepinduka lakini zinasomeka vizuri tu.

Kulipata bango halikuwa jambo gumu, maana lilikuwa limeshatundikwa, na mwenye bucha alikuwa chini yake akilalamika kwamba maandishi yamefifia. Nyanda alikuwa juu ya ngazi.

"Wewe ndiye uliyeniandika?" Pelagia akamuuliza, akigeuza mgongo aone.

Nyanda alitazama gauni, akatazama bango. "Dada, mimi nadhani wewe ndiye uliyenifuta."

Alishuka, akaomba radhi kama mtu mzima, akaomba gauni akalisafishe. Mafuta ya taa hayakuiondoa rangi; yaliitawanya tu ikawa wingu jekundu. Alipoona hivyo alichukua brashi yake ndogo, akalifunika wingu lile kwa mti wenye maua, unaoanzia kwenye mkanda na kutambaa mpaka begani. Pelagia alikwenda nalo kanisani Jumapili akiwa amenuna, na kabla misa haijaisha alikuwa ameshaulizwa na kina mama kadhaa linauzwa wapi.

Padri Severin naye aliuliza. Alikuwa padri mnene, mwenye haraka, na marafiki zake wa ng'ambo walikuwa wamempelekea kamera ya video. Kilichomkera ni banda la video pale sokoni, ambako kutwa nzima zilionyeshwa filamu za ngumi, na watu wakitoka wanapigana mateke mpaka kisimani. Alitaka filamu ya katuni ya kwao wenyewe, ambayo baba, mama na watoto wanaweza kukaa benchi moja wakaitazama bila mtu kufumba macho, ionyeshwe sikukuu ya parokia. Mchoraji sasa alikuwa amempata. Akauliza hadithi atapata wapi.

Pelagia akajitolea hadithi ya bibi yake, ambayo kwao Mpimbwe watu wote wanaijua. Nsungwa, binti wa mtemi, alipendwa na mwindaji aliyeitwa Lyamba, aliyekaa ng'ambo ya mto. Walikutana kwa kupita juu ya gogo. Mtemi alipojua, aliliondoa gogo. Lyamba akaamua kuogelea, kiboko akamuua, na Nsungwa alipoona kofia yake inaelea akajitupa majini amfuate.

Padri alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni hadithi nzuri sana, ila wasife.

"Padri, wasipokufa si hadithi hiyo," Pelagia alisema.

Ubishi huo uliendelea wiki nzima katika chumba cha nyuma ya sakristia, wao wawili wakikata karatasi za manila na Padri akiingia na kutoka. Padri alisema hawezi kuwaua wapenzi mbele ya watoto halafu awagawie pilau. Pelagia alisema bibi yake hakuwaua kwa kupenda. Aliwaua ili wazazi waliokuwa wanasikiliza washtuke. Nyanda, aliyekuwa anatafuta namna ya kukubaliana na Pelagia bila kumpinga Padri, ndiye aliyepata njia. Kofia ielee, mtemi aione, aamini kwamba wote wamekufa, akae ukingoni alie. Akishalia vya kutosha, ndipo wawili watokee kwenye matete, wakiwa hai.

Pelagia akafikiri. "Alie sana, basi," akasema.

"Atalia mpaka mto ujae."

Kazi yenyewe iliwachosha. Waliwalaza watu wa karatasi juu ya ubao uliochorwa mto, kamera ikiangalia chini kutoka kwenye fremu ya mbao. Unasogeza mguu wa Lyamba kidogo, unabonyeza, unazima, unasogeza tena. Siku nzima mwindaji alikuwa amevuka nusu ya gogo. Pelagia aliwavika watu wale mabaki ya vitenge, na Nyanda alizoea kumwambia Nsungwa maneno ambayo alitaka mwenye mkasi ayasikie.

"Nsungwa, leo umependeza mpaka viboko wamesahau kula."

"Mwambie Lyamba aangalie anachokibonyeza," Pelagia alijibu bila kuinua macho.

Lakini alikuwa anatabasamu. Nyanda aliliona tabasamu hilo, na alimwona pia jinsi anavyoinamisha shingo yake ndefu anapotunga uzi, na aliichora shingo ile ile kwa Nsungwa. Pelagia alijua ni yake. Siku iliyofuata alikuja amefunga nywele juu.

Kilichowazuia kusemezana waziwazi ni mpunga. Mzee Leodgar alikuwa na shamba zuri huko Kasansa, na wakati mmoja ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma walishinda humo wakila. Tangu siku hiyo alikuwa akitangaza kwamba hata kiti hatampa Msukuma, sembuse binti. Nyanda alikuwa Msukuma, na baba yake alikuwa na ng'ombe wengi. Pelagia alimweleza habari hiyo kama anayesimulia mambo ya jirani, na Nyanda aliielewa vizuri.

Wakati huo Padri alikwenda Tabora kwa mkutano, na Nsungwa akaharibika. Kwa kusogezwa sogezwa, karatasi ya shingoni ilichakaa na kichwa kikawa kinaanguka kila anapotaka kumtazama mpenzi wake. Nyanda akaenda posta kupiga simu. Simu ya posta ya Mpanda ilikuwa na tabia ya kutosikia. Mtu alipiga kelele kibandani na foleni yote ikafaidi. Shangazi Scola alikuwa kwenye foleni hiyo.

"Padri, yule binti hafai tena," Nyanda alipaza sauti. "Amechakaa. Shingo imelegea. Nasema shingo. Ndiyo, nataka mwingine kutoka huko Tabora. Awe mgumu kidogo. Mpandishe treni aje, huyu wa hapa nitamtupa."

Alikuwa anaagiza karatasi ngumu ya kumkatia Nsungwa mpya. Scola hakungoja zamu yake. Alifika barazani akihema, akamweleza Pelagia kila neno, na akaongeza machache ya kwake.

Kwanza Pelagia alicheka. Halafu akauliza kama kweli ilitajwa shingo. Shangazi akaapa. Basi Pelagia akafungua nywele zake, akazishusha zikafunika shingo, akakaa kwenye cherehani akashona sketi moja ikatoka na mikono. Nyanda alipopita jioni kumsalimia aliambiwa na shangazi kwamba mwenyewe anaumwa kichwa. Alipopita tena aliambiwa kichwa kimehamia tumboni. Alirudi Ilembo akiamini kwamba habari za Mzee Leodgar na mpunga wake zimeshinda, kwamba Pelagia amepima na kuona Msukuma hamfai. Akamaliza kurekodi picha zilizobaki peke yake, na Nsungwa mpya akaelekea mtoni na shingo imara, na yeye hakuwa hata na mtu wa kumwonyesha.

Padri aliporudi, sikukuu ilikuwa kesho yake. Zilibaki sauti tu. Kamera ile iliweza kuweka sauti juu ya picha zilizokwisha kurekodiwa: unaitazama televisheni, unaongea kwenye kipaza sauti, kamera inapokea. Pelagia alikuwa Nsungwa, Nyanda alikuwa Lyamba, na Padri alikuwa mtemi na kiboko. Pelagia alikuja kwa sababu alishaahidi. Alimsalimia Padri kwa mdomo, na Nyanda kwa kutikisa kichwa tu.

Walikwenda vizuri mpaka pale mtoni. Kwenye televisheni, Nsungwa wa karatasi alisimama ukingoni, Lyamba ng'ambo akajongelea maji. Pelagia alitakiwa kusema, "Lyamba, mpenzi wangu, usiogope." Akakishika kipaza sauti, akakisogeza mdomoni.

"Lyamba," akasema, "usivuke. Kaa huko huko na huyo uliyemwagiza Tabora."

Nyanda alimtazama Padri. Padri alizungusha mkono: endeleeni.

"Nani wa Tabora?" Nyanda aliuliza kwa sauti ya Lyamba, maana alikuwa hajui atumie nyingine ipi.

"Yule mgumu kidogo. Mimi si nimechakaa? Si nimelegea shingo? Posta nzima imesikia."

Kwenye televisheni Lyamba alikuwa ameshaingia maji ya magotini. Nyanda alifungua mdomo, akataka kucheka, akaona macho ya Pelagia yamejaa, kicheko kikafa.

"Nsungwa," akasema taratibu, "yule ni karatasi. Shingo iliyolegea ilikuwa ya karatasi. Ile yenyewe nimeichora mpaka mkono wangu unaijua njia, na sikuwahi kuichoka. Nilidhani wewe ndiye uliyenikataa, kwa sababu ya baba yako. Mimi namtaka Nsungwa mwenyewe. Sijui tu nitavuka vipi, kwa sababu gogo..." Akaiona televisheni. "Ngoja kidogo, kuna kiboko."

Padri akajikumbuka, akakoroma kwa nguvu zake zote. Pelagia alikuwa anafuta macho na anacheka kwa pamoja, na kicheko hicho nacho kikaingia, juu ya picha ya Nsungwa aliyeshika kichwa kwa hofu.

Walipomaliza, Nyanda aliomba warudie. Padri alikataa. Alisema mafuta ya jenereta ni ya kesho; halafu akakiri kwamba hata yangekuwapo asingerudia.

"Wewe ulitaka hadithi iwashtue wazazi," alimwambia Pelagia. "Haya, itawashtua."

"Padri, kesho baba yangu yupo."

"Najua. Nimemwekea kiti cha mbele."

Siku ya sikukuu, baada ya pilau, madirisha ya ukumbi wa parokia yalizibwa kwa mablanketi na jua likabaki nje. Mzee Leodgar alikaa mbele amevaa koti, fimbo katikati ya magoti. Katuni ilianza, na ilikuwa inarukaruka kama mtu mwenye kwikwi, lakini watu waliona mto wao na vitenge vyao, wakatulia. Ulipofika ugomvi wa Tabora ukumbi ulilipuka. Posta ilikuwa imeshatangaza habari zile, na kila mtu alijua nani anasema na nani. Kiboko alipotokea watoto walipiga makofi, na kina mama walimwonya Lyamba kwa jina lake halisi.

Kisha kofia ikaelea, na mtemi akakaa ukingoni. Hapo Padri alikuwa amelia kwa sauti ndogo, bila mzaha wowote, akimwita binti yake. Alilia muda mrefu, kama Pelagia alivyotaka. Mzee Leodgar aliinamisha kichwa, akakiegemeza kwenye fimbo. Hata Nsungwa na Lyamba walipotoka kwenye matete na watu wakashangilia, yeye alichelewa kukiinua.

Mablanketi yaliposhushwa alisimama, akauliza kwa utulivu yule mwindaji ni nani. Pelagia alikuwa karibu na mlango, amefunga nywele juu. Nyanda alijitokeza, akamwamkia, akasema ni yeye, na akataja jina la baba yake pia, bila kuulizwa.

Mzee alimtazama kuanzia viatu.

"Yule mtemi ni mjinga," alisema hatimaye. "Mtu unaondoa gogo kwa mikono yako, halafu unakaa unalia. Si ungeliacha tu." Akakohoa. "Waambie wazee wenu waje Kasansa tuongee. Lakini waje wenyewe. Nikiona ng'ombe hata mmoja amewafuata, mazungumzo yamekwisha."

Akatoka nje akidai pilau nyingine. Shangazi Scola alimfuata mbio, maana habari kama hiyo haikutakiwa kulala.

Ukumbini wakabaki wawili, na Padri ambaye alijifanya anakunja waya. Nyanda alimsogelea Pelagia. Gauni lake lilikuwa la njano siku hiyo, na alikuwa amesimama mbali na ukuta wowote wenye rangi mbichi.

"Basi umesikia," Nyanda alisema. "Imekubalika."

"Nani amekubali? Baba amemjibu Lyamba. Na Nsungwa naye alimjibu Lyamba." Akaukunja mkono kiunoni. "Mimi Pelagia sijasikia mtu ameniuliza kitu."

Nyanda alifuta viganja kwenye suruali. Maneno yote mazuri alikuwa ameyamaliza kwa yule wa karatasi, na sasa hakuwa na kamera wala mto.

"Pelagia," akasema, "utaolewa na mimi?"

Alimwacha angoje, muda wa kutosha kumfanya Padri aache kukunja waya.

"Nitaolewa," akasema. "Lakini posta kupiga simu nitakwenda mimi."