Msalaba wa Kuti

Jumatano ya Majivu ile, soko la Ng'ambo lilijaa hadi pa kukanyaga hapakuonekana. Recheli, ndani ya gauni la kitenge cha bluu lililomkaa sawasawa, alikuwa anachagua karanga. Kijana wa shati jeupe akamtazama usoni, akacheka.

"Dada, jivu lako limekaa vizuri. Mimi padri kanipaka kama anafuta mikono."

"Labda aliona uso wenyewe ndio huo," Recheli akamjibu.

Basi, yakaanza. Octavian alikuwa fundi seremala, na kwa wiki sita kila mmoja aliamini mwenzake ni wa dhehebu lake. Msiniulize iliwezekanaje! Kwaresima moja, Nasadiki moja, hata rangi ya zambarau altareni ni ileile. Jumapili ya Matawi ndipo maandamano mawili yalipopishana barabarani, Octavian na Wakatoliki wake, Recheli na Waanglikana wake. Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Jioni Octavian akamsukia Recheli msalaba wa kuti. "Kwenu mnaweka juu ya mlango, mpenzi?"

"Tangu enzi za babu."

Wangeachwa hapo wangeoana. Lakini mama yake Octavian alinuna kusikia binti ni Mwanglikana, na Octavian, mwoga wa mama yake, akataka kumridhisha. Bila kumuuliza Recheli, bila kumuuliza hata padri wake, akaandika kwenye barua ya posa kwamba binti atabatizwa upya kabla ya ndoa.

Baba yake Recheli, Mzee Anton, ni kasisi wa Anglikana. Aliisoma barua sebuleni mbele ya mshenga, mara mbili.

"Huyu nilimbatiza mwenyewe wodini, hospitali ya Kitete," akasema, "ana siku mbili, hatujui kama ataiona kesho. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Yale hayakuwa maji?"

Mshenga akainamia kikombe. Recheli alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote.

Wiki mbili hakupokea simu. Siku alipopokea, Octavian alikuwa anahema.

"Reche wangu, nimekosa! Nimemuuliza padri. Kanigombeza. Anasema ubatizo wako ni halali kabisa, hawabatizi mtu mara mbili."

"Kwa hiyo ulihitaji padri akuambie kwamba mimi ni Mkristo?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Baba yangu alilia, Octavian." Akakata.

Mwaka ukazunguka. Kanisani wakatangaza matawi makavu yarudishwe, yachomwe kuwa majivu. Recheli akapanda kwenye stuli, akautoa msalaba wa kuti juu ya mlango, akamkabidhi baba yake. Mzee Anton aliutambua, akauweka pamoja na matawi ya kuchomwa.

Jumatano akapakwa, akaenda sokoni. Octavian alikuwa palepale kwenye karanga, naye amepakwa.

"Reche," akasema taratibu, "jivu lako limekaa vizuri."

"Ahsante, kaka," Recheli akasema, akapita. Octavian hakujua kwamba katika jivu lile alikuwa anautazama msalaba wake wa kuti.