Kiti cha Nyuma cha Chevelle

Rimu ilimponyoka Curtis Pettway mikononi, ikajibingirisha kuteremka uwanja wa maonyesho bila kumwomba mtu ruhusa. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, soko la spea za magari ya zamani limefurika hadi getini, watu wametandaza kabureta na bampa kwenye maturubai, na Curtis anaikimbilia huku akipiga kelele.

"Shikeni hiyo! Jamani, shikeni!"

Nani ashike chuma cha upana wa inchi kumi kinachokuja mbio? Kila mtu aliokoa miguu yake. Rimu ikapita katikati ya meza mbili, ikamkosakosa mzee mmoja na soseji yake, ikaja kusimama chini ya buti la mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu na kitambaa chekundu kichwani. Mwanamke huyo aliikanyaga tu, tap, na kahawa yake haikumwagika hata tone.

"Yako?" akauliza.

"Yangu, dada. Samahani sana. Haijakuumiza?"

"Hata nyumbani hujaifikisha, tayari inakukimbia. Unataka kuifunga wapi?"

"Kwenye gari langu, Chevelle. Ya mwaka sabini. Magurudumu ya nyuma."

Mwanamke akachomoa futi mfukoni, akapima upana, akapima na kina cha ndani, akatikisa kichwa. "Haiingii."

"Inaingia. Nimepima mwenyewe."

"Ulipima gari likiwa juu ya jeki?"

Curtis akakuna kidevu. Mtu mzima, fundi wa breki za mabasi ya jiji kwa miaka kumi na mitano, akakuna kidevu.

"Basi hujapima," akasema yule dada. "Juu ya jeki ekseli inaning'inia, bodi inakaa mbali na tairi. Pale hata tairi la trekta linaingia. Lishushe gari chini, jaza watu kiti cha nyuma, kata kona kali, pita kwenye shimo. Likikaa kimya, ndipo useme limeingia."

"Watu wa kiti cha nyuma nitawatoa wapi? Mimi napanda peke yangu."

"Pole," akasema, na akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Shati limepigwa pasi, buti limepigwa rangi, uso wa mtu aliyezoea kula chakula cha jioni akiwa amesimama. "Naitwa Yolanda Gaines. Nafanya kazi duka la rimu, barabara ya Livernois. Ukishakwama, njoo."

"Na nisipokwama?"

"Utakwama."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Curtis alizibeba rimu zake zote mbili nyumbani, lakini namba ya simu ya dukani aliiomba, akaibeba pia, kwenye kiganja, kwa kalamu ya wino.

Msiniulize haya nimeyajuaje. Mimi naishi nyumba ya tatu kutoka kwa Curtis, nasali kanisa moja na kina Gaines, na Detroit yetu hii mtu akikohoa upande wa mashariki, upande wa magharibi wanamwambia pole.

Jumatatu akapiga simu, akajitaja jina na kazi. Eti anataka kuuliza habari za nati.

"Nati zipi?" akauliza Yolanda.

"Za... za gurudumu."

"Curtis, umefunga magurudumu ya mabasi maisha yako yote. Sema unachotaka."

"Nataka kusikia sauti yako, mrembo."

"Haya, umeisikia. Nina mteja." Lakini hakukata. Yule mteja, maskini, alisimama robo saa nzima.

Ikawa kila siku. Mara chakula cha mchana kwenye kibanda cha samaki wa kukaanga, mara matembezi kando ya mto, Yolanda kavaa gauni la njano lililomkaa hadi madereva wanasahau taa ya kijani. Curtis alikuwa akicheka ovyo ovyo. Sisi majirani tulishangaa, maana tangu mama yake afariki tulikuwa hatujamsikia akicheka. Miaka sita jamaa alikuwa gereji kwake na lile gari, analipaka rangi nyeusi na kulisugua, analipaka tena.

Usiku mmoja kwenye simu Yolanda akabadilisha sauti.

"Nikuambie jambo mapema, mpenzi. Mimi siji peke yangu. Nina mama, na nina Mama Mkubwa Odessa. Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja. Mwanamume wa kwanza aliniambia ananioa mimi, wale wawili niwatafutie nyumba ya wazee. Nilimrudishia pete yake kwa posta."

"Mimi wazee nawapenda," akasema Curtis.

Alisema haraka mno. Lakini alisema kwa moyo, hilo namtetea.

Siku ile ile alikuwa amemaliza kufunga zile rimu pana. Na niseme kweli ya Mungu: gari lilipendeza! Tairi nene zimejaa kule nyuma, rimu zinang'aa, gari limechuchumaa kama paka anayetaka kuruka. Curtis akalizungusha mtaa mzima peke yake, halikutoa sauti yoyote. Akampigia Yolanda.

"Limeingia, mrembo! Kimya kabisa!"

"Na watu nyuma?"

"Watu watakuja."

Wakaja. Jumapili ya Siku ya Akina Mama, Curtis akajitolea kuwapeleka kanisani. Bi Ernestine, mama yake Yolanda, alitoka na suti nyeupe na kofia nyeupe ambayo ukingo wake ulibidi uingie mlangoni kwa ubavu. Mama Mkubwa Odessa alivaa zambarau tupu, toka kofia mpaka viatu. Wakajibana nyuma, wakatandaza gauni zao, wakasema Mungu ni mwema.

Walipofika kwenye shimo la kwanza la Livernois, nyuma kukatoa sauti: kwaruuu!

"Bwana Yesu!" akaruka Bi Ernestine. "Nini hicho?"

"Barabara tu, mama," akasema Curtis, jasho linamtoka.

Shimo la pili: kwaruuu! Halafu harufu.

"Nani anaunguza mpira?" akauliza Odessa. "Yolanda, funga dirisha. Hapana, fungua. Harufu inatoka humu humu!"

Waliingia uwanja wa kanisa wakifuka moshi, na sisi sote tumesimama ngazini na kofia zetu. Curtis akaruka chini, akachungulia. Tairi limechunwa kama karoti. Ukingo wa bodi umepinda, na rangi nyeusi, ile rangi ya miaka sita, imepasuka urefu wa kiganja. Hapo ndipo mdomo ukamponza.

"Ni uzito wa nyuma!" akafoka. "Gari hili halikujengwa kubeba watu nyuma! Ni la mtu mmoja! Wawili, basi!"

Lo!

Bi Ernestine alirekebisha kofia yake, akaingia kanisani. Odessa yeye alisimama kwanza.

"Kijana," akasema, "nina miaka sabini na minne. Nimeitwa mengi. Mzigo ni leo."

"Mama Mkubwa, sikukusudia..."

"Nilikuambia siji peke yangu," Yolanda akamkatiza. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Leo umenijibu. Asante kwa kunijibu mapema."

Walirudi nyumbani kwa gari langu. Safari nzima Yolanda alilia akiwa ameangalia dirishani ili mama yake asimwone. Mama yake alimwona.

Curtis akapiga simu, haikupokewa. Akaandika ujumbe, haukujibiwa. Akaenda dukani, akaambiwa Yolanda yuko stoo, na stoo hiyo alikaa mpaka jamaa akaondoka. Wiki tatu zikapita. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa amehamia kabisa kwa Curtis, anakula na kulala humo. Jioni tulikuwa tunamwona amekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. Si mbele kwenye usukani. Nyuma. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kukaa pale.

Nampenda mwanamke yule, alijiambia, na nimemjengea gari lisilo na mahali pa mama yake.

Kesho yake akazifungua zile rimu pana. Halafu akaenda bandani, kwenye ile mifuko ya mchanga ambayo sisi wote huku huiweka kwenye buti la gari wakati wa theluji ili gari lisiteleze, akaitazama muda mrefu. Kisha akapiga simu dukani kwa namba ya jirani, yaani namba yangu.

"Yolanda, usikate. Swali moja tu. Mama yako ana ratili ngapi?"

"Unasemaje?"

"Uzito wake. Na wa Mama Mkubwa. Naomba..."

Simu ikakatwa hadi sikio langu mimi niliyesimama pembeni likauma.

Yolanda alifika nyumbani na hasira zake. Mama yake alikuwa mezani anakata maharage mabichi.

"Amepiga yule mwendawazimu," akasema. "Unajua ametaka nini? Uzito wako! Hajatosheka kututia aibu, sasa anataka na namba!"

Bi Ernestine akaweka kisu chini. Mjue mama huyu alisimama miaka thelathini kiwanda cha magari, anafunga springi. Akatabasamu taratibu.

"Mwanangu, mwanamume anayekimbia mzigo haulizi una ratili ngapi. Anayeuliza ni yule anayetaka kuubeba. Nipe simu."

"Mama, usithubutu!"

"Nipe simu, Yolanda."

Simu ikalia kwangu; nikapokea mimi, nikampelekea Curtis, akaishika kwa mikono miwili.

"Curtis? Ernestine hapa. Una kalamu? Andika mia moja na tisini na mbili. Na kofia, fanya tisini na tatu. Odessa yeye anasema mia moja na arobaini. Wewe andika mia mbili."

"Nimekusikia, Ernestine!" sauti ikatoka chumbani.

"Asante, mama," akasema Curtis. "Na nisamehe, mama. Nilisema upumbavu."

"Ulisema. Sasa fanya kazi."

Jumamosi iliyofuata Bi Ernestine akampa binti yake pai ya viazi vitamu. "Peleka kwa Curtis. Na futi yako chukua."

Yolanda alikuja na gauni lile la njano, akanuna kuanzia kwenye kona ya mtaa mpaka mlango wa gereji. Chevelle ilikuwa chini sakafuni, hakuna jeki. Nyuma kulikuwa na rimu mpya, nyembamba kidogo, za inchi nane. Pale rangi ilipopasuka Curtis alikuwa amepaka tena, na kwa kuwa hakuwa na haraka ameipaka vizuri kuliko mwanzo. Yeye mwenyewe alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

Yolanda hakumsalimu. Alipiga magoti, akaingiza vidole kati ya tairi na bodi. Vidole viwili vikaingia, vikazunguka bila kugusa.

"Umepima tupu?"

"Angalia ndani."

Akaangalia. Kwenye kiti cha nyuma ilikaa mifuko ya mchanga, imefungwa pamoja mitatu mitatu, ikafungwa mikanda ya gari. Upande wa kulia karatasi ya gundi imeandikwa ERNESTINE. Kushoto, ODESSA. Juu ya ERNESTINE alikuwa ameweka sahani ya plastiki, nyeupe.

"Hiyo sahani?"

"Kofia."

Yolanda akauma mdomo asicheke. Akashindwa.

"Nimekwenda nalo maili arobaini," akasema Curtis. "Mashimo yote ya Livernois nimeyapita kwa makusudi. Halijagusa."

"Na zile za inchi kumi?"

"Nimemrudishia mwenyewe pale sokoni."

"Ulizipenda sana, Curtis."

"Nilizipenda. Kule nyuma kulikuwa na nafasi ya rimu au ya watu." Akaigusa rimu mpya kwa ncha ya buti. "Nilikaa peke yangu hadi nikadhani ndivyo gari linavyopimwa. Nisamehe, Yolanda. Nawataka wote. Na kofia zao."

Jicho la Yolanda lilikuwa limeona kitu kingine. Kati ya ERNESTINE na ODESSA palikuwa na kifuko kidogo, foronya ya mto iliyoshonwa mdomo. Hakikuandikwa jina.

"Huu mdogo ni nini?"

"Ratili ishirini." Curtis alikuwa anaangalia sakafu. "Huo sijui jina. Nimeuwekea nafasi tu, ikitokea. Mama yake akikataa, basi ni mchanga, nitaumwaga ngazini theluji ikija."

Mimi nilikuwa nimejibanza nje ya dirisha la gereji, pai naiona juu ya boneti.

Yolanda akafungua mlango, akakunja kiti cha mbele, akainama hadi nusu yake ikapotelea ndani ya gari.

"Curtis," akaita kutoka mle ndani, sauti imelowa machozi, "mbona huyu hujamfunga mkanda?"

Nikasikia mkanda ukibana: tak.

Jumapili yake niliwafuata nyuma nikienda kanisani. Kofia nyeupe upande mmoja, kofia ya zambarau upande wa pili, zimeziba kioo chote. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nilipowafikia kwenye taa nyekundu, nilimkuta Odessa amekipakata kile kifuko cha mchanga mapajani.

"Mama Mkubwa," nikamwambia dirishani, "hicho si kingebaki nyumbani?"

"Abaki na nani?" akanijibu, akakivuta karibu. Taa ikawaka kijani, Curtis akaondoa gari polepole.