Kitufe cha Chini Kushoto

Saa nne na robo asubuhi, simu zote za mezani katika kampuni ya magodoro zilianza kukoroma.

Hazikulia, zilikoroma. Ya mapokezi, ya uhasibu, ya stoo, hata ile ya korido ambayo hakuna aliyewahi kuipokea, zote kwa pamoja, mkoromo mmoja mnene uliopanda taratibu kama lori la mchanga na kushuka kwa mluzi. Na ubaya haukuchagua siku. Kwenye makochi ya mapokezi walikuwa wamekaa wageni kutoka hoteli moja kubwa iliyotaka kubadilisha magodoro ya vyumba vyake vyote, wakiongozwa na mama mmoja wa miwani ambaye hakuwa ametabasamu tangu aingie. Wageni walijifanya hawasikii kwa muda ambao adabu inaruhusu. Kisha mkoromo ukakatika, na sauti nzito ya usingizini ikasema kwa huzuni ya mtoto:

"Dada, usimwambie mama. Sukari nimeila mimi."

Mkoromo ukaanza upya. Halafu ghafla zikawa kimya, simu zote, na taa zake zikazimika.

Afisa Utumishi alifika mapokezi wa kwanza. Ofisini walimwita Mama Maswali, kwa kuwa hata ukimsalimia alikuuliza kwa nini. Miaka yote alikuwa akisoma hadithi za upelelezi wakati wa chakula cha mchana, na miaka yote uhalifu mkubwa aliowahi kuletewa ulikuwa vijiko vya chai vilivyopotea. Sasa alimkuta mpokezi amesimama nyuma ya meza, anahema, na mkononi ameshika waya wa umeme wa mtambo wa simu, ameuchomoa ukutani.

 Mpokezi huyo alikuwa mke wa mdogo wa kiume wa Mama Maswali. Wifi yake mwenyewe, na ni yeye aliyemleta kazini.

Milango ilifunguka korido nzima. Meneja Mauzo alitoka mbio, shati nje, shavu lake la kushoto lina alama za miraba miraba. Huyu walimwita Bwana Mkutano, maana kila mteja aliyempigia aliambiwa yuko kwenye mkutano.

"Kuna nini?" akauliza.

"Simu zote zilikuwa zinakoroma," akajibiwa na wa uhasibu, akijishika mbavu.

Bwana Mkutano akatazama mlango wa Mkurugenzi, ambao ndio pekee uliokuwa bado umefungwa. "Mkuu kalala na simu wazi," alinong'ona, mnong'ono uliofika hadi getini. Wote wakaamini. Na Mkurugenzi alipotoka, macho mekundu na tai begani, hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine.

Wageni walipelekwa kiwandani kuonyeshwa mashine za kukatia sponji na kulishwa chakula cha mchana huko huko. Mama Maswali aliitwa kwa Mkurugenzi.

"Nimehujumiwa," alisema Mkurugenzi. "Mtu ameifungua simu yangu akiwa mapokezi. Ile simu ya mpokezi ina vitufe kama kinanda. Na nina shahidi. Meneja Mauzo amenifuata sasa hivi, anasema alimwona kwa macho yake akibonyeza huku anacheka. Saa kumi nataka barua ya kumwachisha kazi, na sahihi iwe yako."

"Mkuu, kwa nini afanye hivyo?"

"Si alininunia nilipomkatalia likizo? Tena Mama, naelewa ni wifi yako. Ndiyo maana nataka usaini wewe, watu wasije wakasema humu ndani tunabebana."

Alitoka pale na barua ya kuandika. Kumfukuza mtu kazi ni jambo moja. Kumfukuza mke wa mdogo wako, halafu Jumapili mkakutana jikoni kwa mama yenu, mnamenya vitunguu meza moja, ni jambo jingine kabisa.

Alianzia mapokezi.

"Wifi, niambie kweli. Ni wewe?"

"Wifi, na wewe?" Macho ya mpokezi yalijaa machozi, lakini aliyazuia. "Mimi niliona aibu kwa wageni. Kioo cha simu kiliandika TANGAZO tu, hakikusema linatoka chumba gani. Ningefanyaje? Nikachomoa waya."

"Tangazo ni nini?"

"Si niliwafundisha Ijumaa? Kwenye simu za zamani kitufe cha chini kushoto kilikuwa Usisumbue. Ukikibonyeza, simu hailii, unapumzika. Hizi mpya zilizowashwa leo asubuhi, pale pale wameweka Tangazo. Ukikibonyeza, kila unachosema kinatokea kwenye simu zote. Usisumbue imehamia juu. Nilirudia mpaka koo likakauka."

"Nakumbuka. Nani hakuja Ijumaa?"

"Wawili tu. Mkurugenzi aliniambia ana mkutano na Meneja Mauzo. Meneja Mauzo akaniambia ana mkutano na Mkurugenzi. Na mimi niliwaona kwa macho yangu, kila mmoja chumbani kwake, kafunga mlango."

Mama Maswali alitikisa kichwa. "Na Meneja Mauzo mna ugomvi gani?"

"Hatuna ugomvi. Ila wiki iliyopita nilimwambia shemeji, mimi nimechoka kuwadanganya wateja kuwa uko mkutanoni. Kama upo, ongea nao. Tangu siku hiyo hajibu salamu yangu." Alikuwa akimwita shemeji kwa sababu alisoma shule moja na mume wake. Ushemeji huo sasa ulikuwa umeingia nyongo.

Fundi wa simu aliitwa, akaurudisha waya ukutani. Huyu naye alikuwa na lake la kujibu, kwa sababu asubuhi ile alionekana akitambaa chini ya meza ya Mkurugenzi.

"Ulikuwa unatafuta nini kule chini?"

"Waya, Mama. Mkurugenzi aliuburuta kwa kiti. Nikaunganisha, nikaondoka saa tatu. Saa nne nilikuwa juu ya paa la stoo, walinzi wote waliniona, na ngazi walinishikia wao."

"Je, simu ya mapokezi inaweza kufungua simu ya chumba kingine ikatangaza?"

"Haiwezi. Anayetangaza ni yule aliyebonyeza kwenye simu yake. Halafu ujue kitu kimoja: simu inayotangaza yenyewe inanyamaza. Zote zitasema isipokuwa hiyo. Ingejisikia, ingepiga yowe la kupasua masikio."

Mama Maswali alimshukuru. Kisha akarudi kwa Mkurugenzi, akafunga mlango.

"Mkuu, ulikuwa unafanya nini saa nne na robo?"

"Nilikuwa natafakari."

"Macho wazi?"

"Nikitafakari sana huwa nayafumba."

"Simu ulikuwa umeibonyeza popote?"

"Sikuigusa. Huwa naacha iite, itachoka yenyewe."

"Yale maneno ya sukari, uliyasikia?"

Mkurugenzi alitazama dirishani. Alipojibu, ukali wote ulikuwa umemtoka. "Ndiyo yaliyonishtua. Mama, nikwambie siri. Sukari ni kweli niliila. Nilikuwa mdogo, kopo zima, na dada yangu akapigwa kwa ajili yangu. Nilipoyasikia nikajua nimejifichua mwenyewe."

"Uliyasikia kutoka wapi? Mdomoni kwako au kwenye simu?"

"Kwenye simu. Tena kwa nguvu, iko hapa karibu na sikio."

"Mkuu, nani hapa duniani hakula sukari ya mama yake?" Alitaka kumwambia pale pale, akajizuia. Bosi mwenye aibu haamini habari njema mpaka aione. "Naomba uniachie mpaka saa kumi."

Chumba cha Bwana Mkutano kilikuwa na meza, simu, na nyuma ya mlango godoro la sampuli lililosimamishwa ukutani, lile la bei ya juu lenye mishono ya miraba. Mama Maswali alilitazama, akatazama shavu la mwenye chumba. Alama zilikuwa zimefifia, hazijaisha.

"Nisaidie, kaka. Mkoromo uliusikia?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Simu yangu hii hapa ndiyo iliyonipigia kelele. Nikatoka, nikamwona mpokezi anabonyeza, anacheka."

"Na mwishoni Mkurugenzi alisema nini?"

Bwana Mkutano alipepesa macho. "Alisema?"

"Maneno. Kila mtu ameyasikia."

"Ah, yale. Alisema... mambo ya kazi. Mauzo yamepungua, kitu kama hicho."

"Ahsante sana," alisema Mama Maswali kwa upole mkubwa, akatoka. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia ukutani. Mtu huyu hakuwa amesikia neno hata moja. Lakini kuwa amelala si ushahidi kwamba ndiye aliyekoroma kwenye simu, na neno la meneja mbele ya neno la mpokezi lilikuwa na uzito wake. Alirudi ofisini kwake, akakaa mbele ya barua aliyoiandika nusu, na kusema kweli aliogopa.

Saa tisa na nusu mlango uligongwa. Bwana Mkutano aliingia, amechomekea shati vizuri, anatabasamu upande mmoja. Bila shaka alikuwa amewauliza wenzake mwishoni kulisemwa nini.

"Dada, nina dakika mbili. Lakini tusisumbuliwe." Akafunga mlango, akaegemea meza, na bila hata kutazama akanyoosha kidole kwenye simu ya Mama Maswali na kubonyeza kitufe cha chini kushoto, kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka kumi.

Taa nyekundu ikawaka. Kioo kikaandika TANGAZO.

Mama Maswali alifungua mdomo kumwambia. Akamkumbuka wifi yake na ule waya mkononi. Akafunga mdomo.

"Dada," alianza Bwana Mkutano, kwa sauti nzito ya huzuni, "usimwambie Mkurugenzi."

Mahali fulani mbali, upande wa uhasibu, mtu alipiga kelele ya mshangao. Bwana Mkutano hakujali.

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba nilikuwa nimelala. Ni kweli, sikusikia kitu. Kila siku baada ya chai nalaza lile godoro la sampuli nyuma ya meza, nabonyeza Usisumbue, najipumzisha kidogo. Nani halali? Mkurugenzi mwenyewe analala."

"Kwa hiyo mpokezi hukumwona akibonyeza."

"Ningemwonaje, dada? Nilishtushwa na vicheko vyenu. Nikaona mpokezi kashika waya, nikasema hapa hapa. Anajifanya mkweli sana yule. Wateja wangu anawaambia nipo, wananipigia kutwa nzima. Akiondoka, atakuja mwingine mwenye adabu. Wewe saini tu, mimi nitakukumbuka."

"Na aliyekoroma ni nani?"

"Si Mkurugenzi? Nani mwingine ana dada mwenye sukari?"

"Wewe huna dada?"

"Ninaye, lakini..." Akasita. Katika ule ukimya alisikia kitu korido. Alisikia sauti yake mwenyewe, ikitoka kwenye ile simu ambayo hakuna aliyewahi kuipokea, ikisema *Ninaye, lakini*. "Mbona najisikia huko nje?"

"Umebonyeza kitufe gani, kaka?"

"Usisumbue. Chini kushoto, kama siku zote."

"Soma kioo."

Alisoma. Akasoma tena. Mazoea yana taabu, na taabu yote ilionekana ikimpanda usoni kutoka kidevuni kwenda juu. Alikuwa ameshinda siku nzima akimcheka mtu mwingine kwa mkoromo wake yeye mwenyewe.

"Ulibonyeza hivyo hivyo asubuhi," alisema Mama Maswali. "Simu inayotangaza haingurumi. Mkurugenzi aliyasikia maneno kwenye simu yake, kwa hiyo si yeye. Humu ndani mtu mmoja tu hakuyasikia. Ungekuja Ijumaa kwenye mafunzo ya wifi yangu, ungelala salama."

Mlango ulifunguliwa. Mkurugenzi alisimama pale, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo wa siku nzima.

"Kumbe sukari si yangu," alisema. Kisha akakumbuka cheo chake, akakunja uso. "Wewe, kaa chini. Tuna mengi ya kuzungumza." Akaichukua barua mezani, akaichana vipande, na kwa sauti ya chini akamwuliza Mama Maswali, "Wifi yako, ukimwomba radhi, anasamehe?"

"Anasamehe, Mkuu. Ila anasamehe haraka zaidi akipewa likizo."

"Apewe. Kuanzia Jumatatu."

Hapo ndipo Mama Maswali alipokumbuka taa nyekundu, akaizima. Toka mapokezi ilisikika sauti ya mwanamke akicheka na kulia kwa pamoja. Naye machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Simu ililia, safari hii mlio wa kawaida. Alikuwa mpokezi, sauti imemkauka.

"Wifi, wageni wamerudi kutoka kiwandani, wamesikia yote. Yule mama wa miwani amecheka mpaka kazivua. Anasema mtu akilala mchana hivyo, simu zinalia, wageni wamejaa, na asisikie hata kimoja, basi godoro hilo ndilo analolitaka, vyumba vyote. Anamwulizia Meneja Mauzo. Nimwambieje?"

Mama Maswali alimtazama Bwana Mkutano, aliyekaa mikono magotini, na Mkurugenzi aliyesimama mbele yake akivuta pumzi ya kuanza kusema.

"Mwambie asubiri kidogo, wifi," alisema. "Mwambie yuko kwenye mkutano. Leo ni kweli."