Wavu wa Chupa

Kifuniko cha birika kilitetemeka gizani. Umeme ulikuwa umekatika tena alfajiri hiyo, na mwosha boti alikuwa akisonya peke yake jikoni simu ilipoita.

"Umeamka, mrembo?" Ni nahodha, sauti imempoa.

"Nimeamka. Sema."

"Boti wamempa mwingine. Naondoka na basi la saa moja."

Mwosha boti akaliepua birika.

Walijuana gatini, Jumapili ya pilikapilika, nahodha alipokanyaga kwa viatu sitaha ambayo mwosha boti ndiyo kwanza ameisugua.

"Bwana wee, macho umeyaacha kwenu?"

"Niyaache vipi, na wewe uko huku?"

Alicheka hadi brashi ikamponyoka. Kwa ajili yake, maana alichukia kuona taka majini, nahodha alipiga marufuku chupa za plastiki kwenye ile boti ya matembezi. Abiria wakanywea vikombe vya bati, na mwosha boti akawa anavibeba nyumbani kwake kuviosha.

Halafu juzi akamwona nahodha nyuma ya boti, anashusha majini wavu uliojaa chupa. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa gati. "Anatupa taka majini. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili!"

"Zile niliziokota," nahodha alisema sasa simuni, taratibu. "Za boti za wenzangu. Zilikuwa na tope, nikawa nausuuza wavu. Ungeniuliza tu, mpenzi."

Mwosha boti alimshika binti yake mkono, wakakimbia hadi gatini. Msimamizi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua ofisi, alimsikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi. "Mama, barua ya kumwachisha kazi imeshatoka, na mwenye boti ameshaajiri mtu. Mimi nifanyeje?"

Stendi walimkuta nahodha amekalia begi, shati lake jeupe halijapigwa pasi.

"Nimemweleza msimamizi kila kitu," mwosha boti alisema kwa pupa.

"Ahsante."

"Na vikombe vyako nimevileta. Vyote kumi na viwili."

"Kaa navyo. Mwenye boti amesharudisha chupa za plastiki."

Basi likaingia, likatimua vumbi. Nahodha hakuinuka.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini, na basi si hilo limekuja?"

Nahodha alitabasamu kidogo, tabasamu lisilofika machoni. Akasimama, akambusu mtoto utosini, akatupia begi begani. Dereva akapiga honi.

Mtoto akamvuta mama yake gauni.

"Mama, hujamwomba msamaha."