Betri Mbili za Mashine ya Kusugulia Sakafu

Upepo ulilipiga gari ubavuni walipokuwa wakiteremka upande wa pili wa mlima wa Ifjord. Synnøve alikata usukani, akaukata tena, lakini chini ya matairi hapakuwa na lami, palikuwa na barafu tupu. Gari-nyumba lao likaacha njia, likaserereka mtaroni, likagota mwamba kwa pua.

Ilikuwa saa nane mchana, katikati ya Aprili, na nje kulikuwa kweupe juu na chini. Synnøve alijaribu kuinua mkono wa kushoto, ukakataa. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Kando yake baba mkwe wake, Mzee Halfdan, alikuwa akivuja damu puani. Injini haikuitika. Simu haikushika mtandao.

"Umeumia wapi?" mzee aliuliza.

"Bega. Wewe je?"

"Pua tu. Tuwashe hita kwanza."

Hita ilichoma dizeli, na dizeli walikuwa nayo tele. Lakini feni yake ilizungushwa na betri ya nyuma, ile inayohudumia watu na si injini. Na betri hiyo ndiyo iliyowafanya wasafiri.

Jørn, mume wa Synnøve na mwana pekee wa Halfdan, alikuwa amelazwa Hammerfest tangu Februari, mgongo umevunjikia melini. Hoteli za kule hazikuwa za watu kama wao, kwa hiyo walilala garini kwenye maegesho ya hospitali mpaka betri ikafa. Wakaenda Tana kutafuta nyingine, na kwenye banda la muuzaji wakakuta za namna tatu. Ya lithiamu, ambayo mtu angeibeba kwa mkono mmoja, ingemeza mshahara wote wa mwezi aliopata Synnøve kwenye kiwanda cha samaki. Ya madini ya risasi na asidi, mpya, iliyofungwa kabisa, ilikuwa krona elfu mbili na mia tano. Na palikuwa na mbili kuukuu, zilizotolewa kwenye mashine ya kusugulia sakafu, kila moja volti sita. Ukiziunga unapata kumi na mbili, kwa krona mia sita tu.

Synnøve alitaka ile ya risasi mpya. Alisema kama ni lazima wachukue kuukuu, basi ziwashiwe taa ya gari kwa saa nzima, ionekane kama umeme wake unadumu. Halfdan, aliyekuwa fundi umeme wa meli kwa miaka arobaini, alizigusa kwa kipima umeme chake, akasoma volti sita nukta tatu kwenye kila moja, akatosheka. Akamwambia mkwewe, mbele ya muuzaji, kwamba yeye ajishughulishe na minofu yake ya samaki. Muuzaji akacheka. Synnøve alilipa bila kusema neno, wakaanza safari ya kurudi Hammerfest.

Sasa hita ilinguruma kwa muda wa saa mbili, kisha feni ikaanza kukokota, taa nyekundu ikamemeta, hita ikazimika. Haikupita nusu saa, pumzi zao zikaanza kuganda kwenye vioo. Hakuna aliyejua kwamba wako mlimani. Kizuizi cha barabara kilikuwa kimefungwa nyuma yao kwa sababu ya dhoruba, na Synnøve alikuwa amemwandikia Jørn kwamba hali ikichafuka watalala Tana.

Akafungua kabati la zana kwa mkono mmoja, akatoa balbu na nyaya. "Zipime moja moja," alisema. "Kwa balbu."

Mzee alizitenganisha. Ya kwanza iliwasha balbu, ikatulia. Ya pili iliiwasha vizuri, kisha mwanga ukanywea, ukawa mwekundu, ukapotea. Dakika moja haikufika.

Halfdan aliitoa nyaya. "Hii ilikuwa maiti tangu dukani."

"Naona."

"Mwanangu, mimi..."

"Mzee, baridi inaingia. Tunafanya nini?"

Mzee alifikiri huku akisugua mapaja. Betri ya injini ilikuwa mbele, chini ya boneti iliyokunjamana. Akatoka. Alichimba theluji kwa sufuria, akapenyeza nondo kuinua boneti, na baada ya muda uliomtosha Synnøve kuhesabu mara tatu mpaka mia tano, akarudi nayo kifuani, nyusi zote barafu. Ganda lilikuwa limepasuka upande mmoja, asidi imemwagika.

"Humu mna vyumba sita," alisema, meno yakigongana. "Kila chumba volti mbili. Vitatu vimekwisha, vitatu vizima. Sita hizo, na sita za ile nzima nyuma. Nikiweza kuingia katikati."

Glavu hazikumruhusu kushika skrubu, akazivua. Synnøve alimmulikia tochi huku akiibana betri kwa magoti. Mzee alitoboa kifuniko kwa bisibisi, akizungusha taratibu, mpaka ncha ikagusa kipande cha risasi kinachounganisha chumba cha tatu na cha nne. Asidi ilimlowesha vidole. Ilipoanza kuunguza hakusimama. Alikaza skrubu kwenye tundu hilo, akaifungia waya, akaunga ile betri nzima.

Feni ikaguna, ikazunguka.

"Usiizime hata tukiona joto," alisema. "Kuiwasha ndiko kunakokula umeme."

Aliosha mikono kwa maji yaliyobaki kwenye birika, lakini ngozi ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe kama nta. Kila saa Synnøve alitambaa nje kufukua bomba la moshi, lisizibwe wakavuta sumu. Kila mara maumivu ya bega yalimtapisha. Walikula mkate mkavu na jibini. Mzee alianza kusinzia vibaya, akimwita marehemu mkewe, na Synnøve akampiga makofi mpaka mzee akamtukana. Tusi hilo lilimtuliza moyo.

Hita ilizimika saa kumi alfajiri, na safari hii haikurudi. Mwanga ulikuwa umeanza. Synnøve alifunga pazia la rangi ya chungwa kwenye ubao mwembamba wa kutelezea juu ya theluji, akapanda mtaro kwa magoti, akauchomeka kando ya njia. Akarudi, akavua koti lake na la mzee, akajilaza juu ya mzee, akayafunika juu yao.

Saa tatu asubuhi mtambo wa kusukuma theluji ukasimama. Dereva, mwanamke mnene aitwaye Gudny, alipiga ngumi mlangoni, akauliza wako wangapi. Synnøve alijibu wawili, wote hai. Kisha akalia kwa mara ya kwanza.

Hammerfest walimkata Halfdan vidole vinne. Walimlaza ghorofa moja na mwanawe, na siku ya tatu Synnøve, mkono ukining'inia shingoni, alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kitandani kwa Jørn. Jørn aliuliza ilikuwaje. Synnøve akaanza kusema ni dhoruba tu.

"Nyamaza, mama," mzee akamkatiza. "Nilimdhalilisha mkeo mbele ya mtu baki, akanyamaza kwa heshima. Nusura nimuue. Vidole ni vyangu, lakini bega lake ni deni langu."

Jørn alimtazama mkewe. Synnøve hakusema amesamehe, wala mzee hakuuliza. Chakula kilipoletwa, Synnøve alivuta sinia, akakata samaki vipande vidogo vidogo kwa mkono wake mmoja, akachoma cha kwanza kwa uma.

"Fungua mdomo," alisema.

Mzee akafungua.