Harusi Iliyokatikakatika

Jumamosi hiyo Ndila alimpa Susu uji, akamkanda miguu kwa maji ya moto, kisha akafagia nyumba hadi mlangoni. Hizo ndizo zilikuwa kazi zake tangu Susu, nyanya yake aliyempa jina, avunjike nyonga na kuletwa kuishi nao Makongeni. Lakini leo kulikuwa na kazi nyingine kubwa kuliko zote. Shangazi Kaluki, kitindamimba wa Susu, alikuwa anafunga ndoa kanisani Ruiru, na Susu hangeweza kusafiri.

Baba alikuwa amepanga kila kitu kabla ya kuondoka na Mama. Ibada ingerushwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa kanisa mtandaoni. Kwa kuwa masikio ya Susu yalikuwa mazito, sauti ingetoka kwenye simu hadi kwenye spika isiyo na waya waliyoazimwa na jirani yao, Mama Lynn. Ijumaa mchana Baba aliijaribu, ikavuma hadi vikombe vikatetemeka kabatini.

"Iko sawa kabisa," alimwambia Ndila akimkabidhi simu yake. "Kesho wewe ni kufungua ukurasa tu. Usiguse kitu kingine. Umenisikia?"

"Ndiyo, Baba."

Kusikia alisikia. Kutii ndiko kulikomshinda. Jioni hiyo hiyo alitaka kucheza mchezo fulani wa magari, nao ukakataa kufunguka mpaka asasishe kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni. Ndila akabonyeza "Sasisha", akacheza mpaka akachoka, akarudisha simu mezani. Hakumwambia mtu.

Sasa Susu alikuwa ameketi kitandani, mito nyuma yake, gauni lake la zambarau limenyooshwa vizuri na kilemba kichwani. Spika ilikuwa mezani, chini yake kitambaa cheupe ambacho Susu alikifuma kwa mkono wake mwenyewe. Ndila akafungua ukurasa. Kwaya ikaanza vizuri, kisha skrini ilipofifia, ikaimba nusu ya neno, ikanyamaza, ikarudi ikikwaruza, ikanyamaza tena.

"Mbona hao watu wanakohoa?" Susu akauliza.

"Ni mtandao, Susu. Ngoja kidogo."

Alifunga ukurasa, akaufungua upya. Mambo yale yale. Alizima simu, akaiwasha, bado. Akamwekea Susu simu yenyewe sikioni, lakini Susu akatikisa kichwa. Hakusikia ila mnong'ono. Kwenye skrini, bwana harusi alikuwa tayari amesimama mbele.

"Niliahidiwa nitamsikia mtoto wangu akiapa," Susu alisema polepole. "Miguu imenikatalia, sasa hata masikio?"

Ndila akamgeukia Nzioki, mdogo wake wa miaka minane.

"Ni wewe! Jana jioni uliangusha spika ukiichezea!"

"Sikuiangusha! Iliteleza tu kwenye kochi!"

"Wacha uongo! Umeiharibu, na Mama Lynn atakuona!"

Nzioki akaangua kilio, akatoka mbio. Maskini, hakukimbia kujificha. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa pili, akarudi na mwenye spika mwenyewe, bado akiwa na koti lake la kazi. Mama Lynn alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha biskuti kule Eneo la Viwanda, na ndiyo kwanza atoke kazini.

"Ngai! Kilio chote hiki cha nini?" akasema, akainama karibu na spika. "Hebu niambieni. Tangu jana ilipokuwa ikifanya kazi, nani amegusa nini?"

"Mimi," Nzioki akasema kwa kwikwi. "Iliteleza ikaanguka kwenye kochi."

"Vizuri. Mwingine?"

Ndila akatazama sakafu.

Mama Lynn akaunganisha spika na simu yake mwenyewe. Wimbo ukatoka safi, bila kukatika hata mara moja.

"Spika ni nzima," akasema. "Nzioki, futa machozi, huna kosa."

Akaitenganisha simu ya Baba na spika. Sauti ikatoka kwenye simu, ndogo lakini safi. Akaiunganisha tena, na skrini ilipofifia tu, kwaya ikaanza kukwaruza.

"Basi shida iko ndani ya simu hii. Kuna kitu kimebadilishwa. Nikianza kupapasa kimoja kimoja, harusi itaisha."

Kwenye skrini milango ya kanisa ilifunguliwa, Shangazi Kaluki akaingia. Susu, ambaye macho yake hayakufika hadi kwenye skrini ndogo kama ile, aliuliza, "Ameingia?" Nzioki alikuwa bado akipangusa pua kwa mkono wa shati. Ndila alimwona, akaona aibu hadi masikio yakawaka.

"Ni mimi," akasema. "Jana jioni nilisasisha kivinjari. Nilitaka kucheza mchezo. Baba alikuwa amenikataza."

Alingoja kufokewa. Mama Lynn hata hakuinua kichwa.

"Haya, tuanzie hapo."

Akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari. Baada ya kusasishwa, kilikuwa kimewekwa kwenye hali ya kuokoa betri, kwa hiyo skrini ikififia tu, simu ilikuwa ikikinyima nguvu ya kutuma sauti kwenye spika. Akakiondoa kwenye hali hiyo. Akaiondoa spika kwenye orodha ya simu, akaiunganisha upya. Kisha akafungua ukurasa wakati viapo vikianza. Skrini ikafifia.

"Mimi, Kaluki," spika ikanguruma, "nakuchukua wewe..."

"Huyo! Huyo ni mtoto wangu!" Susu akapiga makofi, machozi yakimtiririka. Alisikiliza kiapo chote hadi mwisho, mkono wake umemshika Ndila kwa nguvu.

Ibada ilipokwisha, Mama Lynn aliwaketisha watoto wote wawili.

"Kiwandani mashine ikikwama, hatuulizi kwanza nani mkosaji. Tunauliza nani amegusa nini. Aliyegusa akisema, tunarudi kazini upesi. Akinyamaza, tunafungua mashine nzima, na anayefokewa huwa ni mtu asiye na hatia. Ndila, kubonyeza kile kitufe lilikuwa kosa dogo. Kunyamaza huku mdogo wako analia, na Susu anakosa harusi ya mwanawe, hilo ndilo kosa kubwa. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna nafasi ya kutengeneza."

"Nisamehe, Nzioki," Ndila akasema. "Na wewe, Susu."

Simu ikalia. Alikuwa Baba, akipiga kwa simu ya Mama, na nyuma yake vigelegele vimejaa.

"Susu alisikia? Kila kitu kilienda sawa?"

Nzioki alimtazama dada yake bila kupepesa macho. Ndila akaisogeza simu mdomoni.

"Alisikia, Baba. Lakini kwanza nina jambo la kukuambia."