Darasa Lililosimama

Sijui kama Rispah atapona. Ni rafiki yangu tangu utotoni, na haya alinieleza mwenyewe nyumbani kwake Kanduyi, hapa Bungoma, mimi nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, chai yake ikipoa bila kuguswa.

Alikuwa amepata kazi katika chuo kimoja Kitale, ya kufundisha ushonaji. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza akaenda kupanga darasa. Akafuta ubao, akaandika jina lake. Mvua ikaanza kupiga mabati, stima ikapotea, giza likajaa mle ndani. Akaona ajizoeze tu, sauti isije ikamtetemeka kesho. Akasema kwa nguvu, "Hamjambo, darasa?"

Viti vikakwaruza sakafu, vyote kwa pamoja, vile wanafunzi wetu husimama mwalimu akiwasalimu. Halafu kimya. Akasikia pumzi nyingi, zikingoja.

Rispah alitoka mbio. Asubuhi hakurudi chuoni. Alikuja Bungoma moja kwa moja. Lakini hata huku, kila stima ikipotea anasikia miguu ikisogea gizani, miguu ya watu waliochoka kusimama.

Nikajaribu kucheka. "Si uwaambie wakae, bana! Mwanafunzi hakai kama mwalimu hajasema."

Akaniangalia kama mtu aliyemaliza machozi.

"Niliwaambia jana. Nikasikia viti vikivutwa, vingi, mpaka kule chumbani. Na humu ndani niko na kiti kimoja tu. Nilikuwa nimekikalia."